Mfuniko

Kijana aliuleta saa mbili usiku,
umeviringwa gunia, kilo arobaini na tatu.
Kivuva akaugeuza juu ya mizani,
akaziona herufi za jiji, zimeliwa na kutu.

Angemfukuza, ungeuzwa kibanda cha pili
na kesho ungekuwa sufuria.
Basi akamlipa.
Hela ya karo ya Nduku.

Akaupakia mkokoteni, akausukuma peke yake
toka Gikomba hadi Barabara ya Jogoo,
akilitafuta shimo kwa tochi ya simu.

Askari wawili wakamsimamisha.
"Umeiba wapi?"
"Naurudisha."
Wakacheka, mmoja akashika ukuta.
Wakachukua mia mbili, wakamwacha.

Mimi ni mkewe. Nilimgombeza hadi alfajiri:
nchi hii imekupa nini, mwanamume wewe?
Alikuwa ananawa mikono. Hakujibu.

Bendera hatuna. Wimbo wa taifa,
akifika ubeti wa pili, huguna tu.

Asubuhi nilimpeleka Nduku shuleni, kuomba muda.
Pale barabarani watu walipita, viatu kwa viatu,
na chuma kikawaitikia: ndu, ndu.
Hakuna aliyetazama chini.

Nami nikakanyaga.
Kwa nguvu. Mara mbili.