Mizani ya Mfaume

Bedifodi letu lilikata roho mlimani, Newala tunaiona,
na chumvi ya watu gunia ishirini mgongoni.
Rejeta ilipiga mluzi. Moshi mweupe ukatoka nyuma
kama jikoni kwa mtu aliyewasha kuni mbichi.
Dadi alichomoa kijiti cha oili, akanionesha:
chai ya maziwa.
Hakusema neno. Nami sikusema.
Deni la lori lile wote wawili tulilijua kwa jina.

Likavutwa mpaka uani kwangu.
Siku tatu sikuwa na ungo wala beseni:
valvu zimelala kwenye ungo,
nati zinaogea dizeli kwenye beseni,
pushirodi kumi na mbili zimechomekwa katika boksi la biskuti
lililotobolewa matundu na kuandikwa namba,
maana kila moja ina kiti chake,
ikikalia cha mwenzake ni ugomvi.

Hedi iling'oka kwa sauti ya jino.
Dadi akailaza rula ya chuma juu ya uso wake,
akapitisha wembe chini ya rula.
Wembe ukapita.
Basi. Imepinda.

Alfajiri ikaenda Masasi kwa bodaboda,
nimeifunga kanga yangu iliyochuja,
na njia nzima, alisema kijana wa pikipiki,
watu walimpa pole ya mgonjwa.
Ilirudi imekwanguliwa. Uso unang'aa
hata niliweza kurekebisha kilemba.

Gasketi mpya: chapati ya mwisho wa mwezi.
Lakini hiyo ndiyo inayotenga maji, mafuta na moto,
wapangaji watatu wa nyumba moja
wasiotakiwa kujuana.

Daftari la Ausi, dereva aliyelimiliki kabla yetu,
lina mwandiko wa mtu aliyeandikia gotini:
*Anza katikati, toka kwa kuzunguka.
Nne. Nane. Kumi na mbili.
Kilo, kwa bomba la mita.*
Spana ya kupimia hatuna.
Iliyopo mjini, mwenyewe kaondoka nayo Tandahimba.

Nikasema: mizani.
Mfaume ana mizani ya ndoano.

Mfaume jirani, Mfaume wa kangomba,
anayenunua korosho usiku, ghala likiwa limefungwa
na ada ya shule haijafungwa.
Aliileta mwenyewe. Tukaitundika mwisho wa bomba.
Sikujua, mwanangu, kashika tochi.
Nne, boliti zote. Nane, boliti zote.
Dadi akapangusa jasho, na bila kuinua kichwa:
"Mizani yako kweli, Mfaume?"

Sikuwahi kujua ua unaweza kunyamaza
na kuku wamo ndani.

Boliti ikikazwa kupita, inakatika,
na ya Bedifodi haipo dukani, ipo kwa Mungu.
Mfaume aliitazama boliti.
Akanitazama mimi niliyempimia gunia saba msimu uliopita,
nikamshukuru, nikamkaribisha na uji.
Alichezea funguo zake muda mrefu.
"Hii ya mwisho," alisema, "ivuteni mpaka kumi.
Kumi yake ndiyo kumi na mbili."

Nikaanza hesabu kichwani:
mbili kwa kila kumi na mbili, gunia la kwanza,
la pili, la tatu ni sare ya Sikujua na viatu vyake...
Tochi ikayumba. Nikaacha.
Tukavuta. Kumi.
Boliti ya katikati ililia kidogo, kisha ikatulia,
na zote zikaifuata.

Madumu manne ya maji ya kununua, Newala hii, kiangazi hiki,
yakamezwa na rejeta bila asante.
Dadi akazungusha ufunguo. Likakohoa, likakohoa tena,
likashika. Moshi mweusi kidogo, halafu hakuna kitu,
hewa tu ikicheza nyuma ya ekzosi.
Tulipogeuka, Mfaume hayupo.
Mizani ilikuwa bado inaning'inia kwenye bomba.

Nilikaa nayo mpaka korosho zilipoanza kudondoka.
Kisha nikampelekea mlangoni, imefutwa grisi,
na pale penye kumi
nimepaka mstari wa rangi ya kucha, mwekundu,
usiotoka kwa maji.