Nusu Kilo

Ghala la ushirika, Sikonge, msimu wa asali:
ndoo zimefuatana toka mlangoni hadi kwenye mizani,
nyuki wawili watatu wameifuata mali yao hadi humu,
na Lugusha, kalamu sikioni, anasoma: kumi na nane na nusu.

Ilikuwa kumi na tisa.
Chini ya sahani, waya, mwembamba kama unywele wa singa.

Nusu kilo kila ndoo, miaka minne.
Ziada akiwauzia usiku wenye lori.
Hakujenga. Hakuongeza mke.
Baiskeli yake ni ileile, breki ni kisigino.
Nusu kilo zetu zikawa bati, zikawa saruji,
zikawa kitanda cha kujifungulia, godoro la plastiki,
na taa ya sola inayowaka saa zile
ambazo zamani tulipakiwa kwenye pikipiki kwenda Tabora mjini
na wengine wakarudi wamefunikwa.

Mwanangu alizaliwa chini ya bati hilo,
kitovu kimemzunguka shingo mara mbili.
Mkunga akawasha taa, akaona, akakata.
Gizani angekata nini?

Sasa waya umeonekana, kikao kimeitwa.
Mwenyekiti anasema: mwizi ni mwizi.
Nyamizi anauliza: basi tuling'oe paa,
kila mtu aondoke na bati lake?
Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilikuwa namwona baba, mwaka ule wa pili,
mizinga arobaini porini, mgongo umevimba kwa miiba,
amerudi na pesa pungufu, anazihesabu tena na tena,
anasema labda ni uzee, labda ndoo hakuijaza.
Alikufa akidhani aliyepungua ni yeye.

Hilo, Lugusha, halimo kwenye saruji.
Ungetuomba!

Akainua uso mara moja tu:
"Niliwaomba."

Ghala likanyamaza, nyuki wakasikika.
Kweli alipita, nyumba kwa nyumba, na daftari,
elfu tano kila kaya.
Daftari lipo. Jina langu limo,
mbele yake pameachwa weupe.

Wanaotaka afukuzwe, wanyooshe mikono.
Mtoto amelala mgongoni, ananipumulia shingoni.
Mkono wangu ukapanda, ukafika begani, ukagoma.

"Wewe mama, huo umenyooka au haujanyooka?"

Andika nusu, nikasema.