Mkono wa Mvule

Mota niliipata Makupa, kwa Bakari Tungu,
ya waipa, imeng'olewa kwenye Pijo
iliyokwisha kuona mvua zake zote.
Mia nne. Waya akanipa bure.

Gurudumu nikalikata kwa msumeno, duara la kusamehewa,
nikatoboa tundu la pini
inchi moja na nusu kutoka kitovuni.
Maana yake kitelezi kitakwenda tatu, kitarudi tatu,
hakizidishi, hata ukikibembeleza vipi.

Mfereji wake niliuchimba kwa patasi ya baba.
Nikaupaka nta ya mshumaa: kikakwama.
Nikaupiga msasa: kikapwaya,
kikagongagonga kama meno ya mwenye homa.

Baba hakuinua uso.
Mwezi wa tatu huu yuko kwenye mwimo
wa mlango wa watu wa Kibokoni,
achonga ua lisilokwenda popote.

Nikaunganisha betri ya pikipiki.
Mzunguko wa kwanza. Wa pili.
Wa saba, ule mkono
unaoshika gurudumu huku na kitelezi kule
ukapasuka, paa!
kipande kikaruka hadi ndani ya chai yake.

Akakitoa kwa vidole viwili, akakipindua.
"Nyuzi umezikata kati. Mti una ndia yake."
Akarudi kwenye ua lake.

Asubuhi, juu ya benchi,
palikuwa na kipande cha mvule, masalio ya mlango,
nyuzi zimenyooka kama mistari ya daftari.
Hakuna aliyesema kitu.

Huo haukupasuka.
Nikafunga chekeche la mama mbele ya kitelezi,
unga wa mahamri ukaanza kunyesha kwenye sinia,
naye akasimama, kiganja kiunoni:
"Na huu wangu sasa utafanya kazi gani?"

Magharibi betri ikafa.
Kitelezi kikabaki ukingoni, pale pale
ambapo hata kikiwa hai husita kidogo
kabla ya kurudi,
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

Nikaipeleka betri chaji.
Niliporudi, tangu uchochoroni nikaisikia:
kwa, kwa, kwa.
Patasi iko chini. Taa ya kandili.
Baba, kidole kimoja kwenye gurudumu,
alizungusha taratibu,
aufuata mkono kwa macho, kwenda, kurudi.

"Natazama kama yapwaya," akasema,
wala hakuacha.

Chekeche halikuwa na unga.