Kumwamsha Aliyelala

Saa tisa za usiku, Holbeach. Nje kabichi zimelala
safu kwa safu hadi kwenye matope ya pwani,
ndani mtungi wa chuma unanguruma kama paka aliyeshiba.
Kazi yangu ni kutazama mshale.

Baa themanini. Mia. Mia na ishirini.
Rasa, Mlithuania wa zamu yangu, hucheka nikimwambia
kwetu baa ni mahali pa bia;
hapa ni uzito wa hewa juu ya supu ya dengu.
Mwalimu wetu wa fizikia aliuita kanieneo
na akatuchapa tulipokosea tahajia.
Hakutuambia kwamba hewa ya ukaa,
ikibanwa sana na kupashwa moto kidogo,
husahau kama ni hewa au ni maji:
hupenya kama uvumi, huchachua kama ndimu.

Ninayemwinda hana mguu wala mdomo.
Ni spora: bakteria aliyeona njaa inakuja
akajikunja, akajishonea ngozi juu ya ngozi,
akafukuza karibu maji yote mwilini.
Mchemshe, amelala. Mgandishe, amelala.
Mtie miaka kumi katika gunia la pilipili manga,
amelala, anangoja siku utakayosahau sufuria mezani.

Mama alisema aliyelala usimwamshe,
ukimwamsha utalala wewe.
Mshahara wangu unatokana na kuwaamsha.
Usingizi ndio ngao yake, basi twambembeleza:
joto la chai iliyokwisha kupoa kidogo,
shinikizo lipande, lishuke, lipande tena,
nami mbele ya mshale nasema kimoyomoyo

   Amka mgeni wangu, asali inakutaka,
   vua magamba na pingu, maji yako yanafika,
   chungulia ulimwengu, ladha yake yasifika,
   nami na pumzi yangu, mlangoni nakushika.

Akishachungulia, amekwisha.
Karoti inabaki na rangi yake. Dengu haijui kitu.

Mwaka alioolewa binamu Mwanahawa
mdogo wangu Riziki aliamkia kiporo cha wali wa karamu.
Adhuhuri ilimkuta anatapika nyongo.
Wakasema ni jicho. Wakamtaja Bi Chausiku,
aliyesimama kizingitini kutazama mchele ukipetwa.
Riziki alipona siku ya pili.
Bi Chausiku hakualikwa tena popote,
hata kisimani walimpisha kama mwenye upele,
na kabla ya mvua za vuli alikuwa amehama.

Nilikuwa na miaka tisa. Nami nilimpisha.

Sasa ninaye huyo mwizi kwenye sahani ya kioo,
doa jeupe lenye ukingo uliochakaa
kama nta iliyodondoka mezani.
Kama ningejua alikohamia ningempelekea:
shika, bibi, umtazame kwa jicho lilelile.
Ni huyu. Hukuwa wewe.

Jumanne Dakta Hallam anahesabu, miwani juu ya paji la uso.
Tuliingiza milioni. “Watatu,” anasema,
na anaiandika tatu polepole, kwa wino.
Hapa hakuna anayesema tumewamaliza.
Tunasema wamepungua,
kisha tunaosha mtungi, tunabadili valvu,
tunaanza na supu nyingine.

Saa kumi na mbili mlango wa nyuma unafunguka.
Baridi inanishika masikio.
Napumua, na mbele yangu kinasimama
kiwingu cheupe: hewa ileile ya ukaa,
isiyobanwa na mtu, isiyomuua yeyote,
inasita kidogo juu ya kabichi, inapotea.

Mkobani nina kopo la wali wa juzi.
Nafungua, nanusa, nafunga.
Rasa ananitazama.
Nafungua tena.