Kichujio Namba Arobaini na Moja

Kilitoka kwetu cheupe, uzito wake umeandikwa kwa penseli.
Siku saba kikaning'inia ukutani kwa Syombua,
Mukuru kwa Reuben, kati ya kalenda ya duka la dawa
na sare ya shule ya mtoto anayekohoa.
Kimerudi rangi ya strungi.

Jumatano chama chetu cha watafiti kilikutana,
ghorofa ya tatu, lifti imekufa tangu Pasaka.
Ajenda: kongamano la Kisumu, nani ataandika ikisari,
nafasi mbili za ufadhili, mwisho wa kutuma Ijumaa,
na mwalimu wa takwimu anayejitolea
kuwasomea vijana kazi zao kabla hazijakataliwa.
Nikainua mkono. Miaka sita nimeosha chupa za watu;
nami nataka kusimama kando ya bango langu
niseme: hiki hapa, kipimeni.

Daktari Lokwang akauliza, "Na mwenye ukuta?"

Feni ikazunguka.
Mtu akafungua biskuti, polepole, isisikike.

Basi Alhamisi nilibisha kwa Syombua na karatasi moja,
mikrogramu nimezigeuza masizi ya sufuria.
Akaisoma amesimama, mara mbili,
kisha akaninyang'anya kalamu.

"Ikisari yako ina majina manne.
La tano ni langu. Liandike lote, hadi la baba.
Na huko Kisumu, wakishapiga makofi,
waulize dirisha ni shilingi ngapi."