Ukungu, Maana Zake Mbili

Miaka sita Tanga, chumvi ilinilia darubini mbili.
Ya kwanza ilianzia kwenye skrubu,
madoa ya kahawia, madogo kama utitiri.
Ya pili ikaingiliwa kwenye kioo chenyewe,
nikawa napiga picha za Zuhura mwenye mtoto wa jicho.

Kwa hiyo nilipohamishiwa Mwanza
nilicheka peke yangu ndani ya basi.
Ziwa! Maji ya kuchemshia chai!
Nikapanga chumba Luchelele, nyuma ya mawe,
nikaisimamisha ya tatu juu ya miguu yake
bila hata kanga ya kuifunika.

Kabla mvua za vuli hazijakatika
Kwilasa fundi redio aliifungua,
akaielekeza kwenye taa, akanyamaza.
Halafu: "Dada, umeotesha bustani."
Kweli. Ndani ya lenzi, nyuzi nyeupe
zimetambaa kama mizizi ya mpunga.
Ndipo nikajua ukungu una maana mbili,
na ule wa alfajiri, unaopendeza juu ya maji,
ndio mama wa huu.

Sasa nina desturi.
Naokota vijifuko vya chembechembe kwenye maboksi ya viatu, Makoroboi,
vile vilivyoandikwa usile,
navikausha kikaangoni, moto mdogo.
Mama mwenye nyumba, Bi Nshoma, ameshauliza mara mbili
hiyo ni mboga gani isiyonukia.
Sanduku nimelizungushia mpira wa mlango wa friji iliyokufa.
Kwilasa amenitengenezea mkanda wa joto,
waya wa pasi kuukuu na betri ya pikipiki;
nauvisha shingoni mwa lenzi, juu yake soksi,
kama mtoto mwenye kifua.

Lakini hili hakuna aliyenionya:
usiku wa giza, ninaousubiri mwezi mzima,
wadudu wa ziwa nao wanausubiri.
Wanapanda kutoka majini kama moshi wa tanuru la matofali,
wanaingia puani, kikombeni, kwenye meno ya gia.
Na wavuvi wa dagaa wanausubiri vilevile;
taa zao zinajenga mji wa pili
magharibi, palepale Kilimia kinaposhukia.
Nani nimwambie azime?
Dagaa wao ndio mchana wangu, na ugali.

Aprili nilibahatisha dakika arobaini.
Nilibadilisha kamera haraka, nimebana pumzi,
na mdudu mmoja akapita chini ya mkono.
Picha ikatoka safi, isipokuwa doa moja,
bawa, limeketi juu ya nyota ya saba.

Nilimwonyesha Bi Nshoma kwa aibu.
Alihesabu kwa kidole, polepole.
"Sita," alisema. "Hata bibi yangu
alikuwa akihesabu sita."

Sijaifuta.
Sanduku limefungwa, kipimo cha unyevu kinasoma arobaini na nane.
Nje, dirisha limekuwa jeusi kwa mabawa,
na vijifuko vinaanza kunukia kikaangoni.
Nimeviunguza.