Mgonjwa wa Barabara ya Kumi na Tatu

Mama alinipigia saa tano za usiku:
"Njoo. Ina maambukizi. Mia tatu arobaini na saba."
Nikadhani wodi. Kumbe kompyuta,
ile ya mezani, aliyoinunua kwa kiinua mgongo
mwaka alioiaga Bombo.

Nikaikuta imetengwa.
Kitambaa cheupe juu ya kioo, kibodi imefutwa kwa spiriti,
wajukuu marufuku kuvuka mlango,
flashi ndani ya kikopo cha Kimbo, kifuniko kimebanwa.
"Nimezuia isienee," akasema.
Na kwenye daftari ameandika hali, kila robo saa,
kwa mwandiko ule ule wa wodi ya wazazi:
Saa 2:15, dirisha jekundu.
Saa 2:30, dirisha jekundu, linapiga kengele.
Saa 2:45, linadai dola arobaini na tisa.
Chini ya daftari, kadi yake ya benki.
Nilifika huruma yake haijalipa.

Ngao ya kijani, alama ya vema, Kiingereza chenye haraka.
Mlinzi tusiyemwajiri
ameruka ukuta, amekaa barazani kwetu,
anapiga yowe la mwizi na kudai ujira.
Nikimfungia mlango, anachungulia dirishani.
Mji huu husemwa waja leo waondoka leo;
huyu kaja jioni, na tayari anataka funguo.

Nikachomoa modemu. Nikazima, nikawasha,
kidole kikiidonoa F8 kama abishaye hodi kwa viziwi,
hadi kikatoka kioo cheusi
na katika pembe zake nne neno lile lile: hali salama.
Mama akacheka, mara ya kwanza usiku ule.
"Wameizindika! Pembe nne,
kama bibi yako alivyoifanya nyumba ya Pongwe."

Humo mlinzi alikuwa amelala.
Nikamsaka kwenye orodha ya wanaoamka pamoja na mashine.
Jina lake halisi si ngao wala ulinzi,
ni konsonanti saba na tarakimu,
jina ambalo hakuna mzazi angempa mwana.
Nikamfuta, na folda alimojificha nikaifuta.
Kisha dawa ya kweli, kutoka flashi yangu,
ikaanza kupekua faili kwa faili,
asilimia kumi, arobaini, sabini na moja,
giza.

Si Tanesco. Uniti zimekwisha.
Mama Mhando akagongewa ukuta, akatununulia kwa simu,
akatusomea tarakimu ishirini toka upande wa pili wa matofali,
mbili tukakosea.
Tukaanza upya, sifuri.

"Na vile mia tatu arobaini na saba?"
"Havikuwapo, mama. Kirusi kilikuwa kimoja:
yule aliyekuwa akihesabu."
Akanyamaza. Akakunja kitambaa, akakikunjua.
"Maradhi ya kweli hayapigi kengele," akasema.
"Wala hayataji bei kwanza. Ningelijua."
Halafu, kwa sauti ndogo:
"Mimi nilidanganywa na sare."

Saa tisa ukaguzi ukaisha.
Kioo kitupu, picha ya maua. Hakuna yowe.
Nilitaraji afurahi. Hakufurahi.
Alisogea, akaweka sikio ubavuni mwa mashine
kama kwa kichanga kilichotoka bila kulia.
Kiganja juu ya bati. Feni ikazunguka.
"Inapumua."

Akafungua faili lake, sababu ya kompyuta yenyewe:
watoto aliowapokea kwa mikono yake, mmoja mmoja,
kutoka madaftari yaliyokwisha kuliwa na mende.
Wote wamo. Nikamwambia alale.
Akavaa miwani, na kwa vidole viwili akaandika:
1,913. Wa kike. Kilo mbili na nusu.
Alichelewa kulia.